Kwa nini Maria wa Michelangelo ni kijana kuliko mwanawe? Uzi wa sanaa ya Renesansi

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Kila zikiwekwa humu picha za Waitaliano wa miaka ya 1400 na 1500, lazima atokee mtu aandike "hawa jamaa walikuwa kamera zinazotembea." Leo nimekuja kulipinga hilo, na shahidi wangu wa kwanza yuko Vatican, kanisa la Mtakatifu Petro, ukiingia tu upande wa kulia.

Ni sanamu ya Pietà. Michelangelo aliichonga kati ya 1498 na 1499, hajatimiza hata miaka ishirini na mitano. Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu. Sasa mtazame mama usoni: binti kabisa. Ungewakuta pamoja ungedhani marehemu ni kaka yake. Teremsha macho hadi mapajani uone la pili: mama huyu akiinuka, anamzidi mwanawe kimo kwa mbali. Mchongaji amempanua magoti na kuuficha upana huo chini ya mikunjo ya gauni, ili maiti ya mtu mzima ilale pale bila kuonekana mzigo.

Watu wa wakati ule waliliona suala la umri na wakalisema. Condivi, mwanafunzi wake aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1553, anaeleza kwamba Michelangelo alijibu hivi: wanawake waliojitunza katika usafi hawachakai upesi, sembuse huyu ambaye hata wazo chafu halikumgusa. Yaani sura inabeba maana kwanza, cheti cha kuzaliwa baadaye.

Hoja yangu ni hii: wasanii wa Renesansi, yaani zama hizo za miaka ya 1400 na 1500, waliyasoma maumbile kwa bidii ambayo Ulaya haikuwa imeiona kwa karne nyingi, kisha wakayasahihisha. Jicho lilikusanya, akili ikachagua. Atakayeishia kwenye kukusanya ameona nusu ya kazi.

Turudi nyuma kidogo, Florence, 1401. Chama cha wafanyabiashara wakubwa wa nguo, Arte di Calimala, ndicho kilichosimamia jengo la ubatizo la mji. Kikatangaza shindano la milango ya shaba. Wakachujwa wakabaki saba, wakapewa mada moja: Ibrahimu akitaka kumchinja Isaka (kwa simulizi ya Biblia, ndugu zangu Waislamu najua mtasema Ismail). Vibao viwili vimesalia, cha Lorenzo Ghiberti na cha Filippo Brunelleschi, na viko jumba la makumbusho la Bargello. Cha Brunelleschi ni vurugu tupu: kisu kimeshafika kooni, kijana anajipinda kwa hofu, malaika amemdaka Ibrahimu mkono kwa nguvu. Cha Ghiberti kimetulia. Isaka amepiga magoti, kifua wazi, mwili umejengeka kama sanamu za Warumi wa kale. Kijana anakaribia kuchinjwa na bado ni mzuri wa kutazamwa! Ukitaka ukweli wa tukio, cha Brunelleschi kina ukweli zaidi. Aliyeshinda ni Ghiberti. Tusisahau pia kwamba alikimimina karibu chote kwa mkupuo mmoja na kutumia shaba kidogo kuliko mwenzake, na waliokuwa wanalipa ni wafanyabiashara. Hesabu hiyo nayo ilisikika.

Miaka thelathini na kitu baadaye, 1435, Leon Battista Alberti akaandika kitabu kuhusu uchoraji, na humo hoja yangu imekaa wazi. Anamtaja mchoraji wa kale Demetrius, kwamba alikosa sifa ya juu kabisa kwa sababu alijali zaidi kufananisha kuliko uzuri. Halafu anamsifu Zeuxis, Mgiriki aliyetaka kuchora mwanamke mzuri kwa ajili ya watu wa Croton, akachagua wasichana watano wa mji, akachukua kwa kila mmoja kilicho bora. Ndiyo fomula. Huyo mwanamke wa mwisho hakupata kuishi popote.

Nimalizie na Masaccio. Ukutani katika kanisa la Santa Maria Novella, takriban 1427, alichora Utatu Mtakatifu ndani ya chumba ambacho ukisimama mbele yake unaapa ukuta umetobolewa. Mistari yote ya dari inakimbilia sehemu moja, chini ya msalaba, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama sakafuni. Hesabu kali kabisa. Lakini mtazame Mungu Baba aliyesimama juu nyuma ya msalaba. Kwa hesabu hiyo hiyo tungepaswa kumwona kwa chini, kidevu kwanza. Masaccio amemchora amekabili mbele, kama vile tuko naye usawa mmoja. Dari inatii kanuni, Mungu hatii. Sidhani kama kijana yule alipitiwa. Alijua kanuni inaishia wapi.

Karibuni kwa hoja.

#2 Kijiti

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye "kusahihisha" naona umepitiliza. Leonardo da Vinci alikuwa anapasua maiti usiku. Mtu anayepasua maiti anataka nini kama siyo kuona kitu kilivyo? Hakuna uhalisia unaozidi huo.

#3 Mleta uzi

Kijiti, swali zuri. Kweli alipasua, na mwaka 1517 alimwambia mgeni mmoja kwamba amepasua miili zaidi ya thelathini. Lakini angalia alichofanya na alichokiona. Michoro yake ya mifupa na misuli inaonesha mkono uleule kutoka pande kadhaa, tabaka moja moja, misuli mingine imepunguzwa ikawa kama kamba ili uone inavutaje. Hakuna maiti inayoonekana hivyo mezani. Alikuwa anatafuta sababu ya mkono kujikunja, na akishaijua sababu anaweza kuchora mkono wowote, hata ambao hajapata kuuona.

Mfano mwingine ni ule mchoro wake wa mtu ndani ya duara na mraba, wa mwaka 1490 hivi, uliopo Venice. Karatasi ndogo tu, haifiki sentimita 35 kwa urefu. Wazo ni la Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliyedai kwamba mwili wa mtu uliojengeka sawasawa unaenea katika duara na mraba, na hekalu lipangwe kwa vipimo vya namna hiyo. Wengine waliojaribu kumchora mtu huyo walilazimisha duara na mraba viwe na katikati moja, wakapata kiumbe aliyenyooshwa kama yuko kwenye mateso. Leonardo aliyatenganisha: kitovu cha mtu ni katikati ya duara, ila katikati ya mraba ni chini zaidi, kwenye kinena. Hapo alikuwa mkweli kuliko kitabu. Ila pia ameandika kichwa ni sehemu ya 1/8 ya kimo, urefu wa mikono iliyonyooshwa ni sawa na kimo. Jipime wewe na jirani yako uone ni wangapi mtatoka hivyo. Vipimo vile ni vya mtu anayestahili kuwapo.

#4 Mchonga Mpingo

Mimi mambo ya Alberti sijui, najua patasi. Kuna jambo wasomi huwa mnaliruka: gogo nalo lina sauti yake. Ukipewa gogo lililopinda huchongi unachotaka, unachonga linachokubali. Hebu tuambie ile sanamu ya Daudi, maana nasikia jiwe lake lilikuwa bovu.

#5 Mleta uzi

Fundi, umegusa penyewe. Jiwe lile la marumaru lilianza kuchongwa mwaka 1464 na Agostino di Duccio, likaachwa. Baadaye Antonio Rossellino akapewa, naye hakufika mbali. Likalala kwenye uwanja wa kanisa kuu la Florence kama robo karne linapigwa na mvua, limeshatiwa patasi, refu, jembamba kwa kina. Michelangelo alilipokea 1501, akamaliza 1504. Urefu mita 5.17. Ndiyo sababu ukimtazama Daudi kwa ubavu anashangaza kwa wembamba: hakukuwa na jiwe la ziada nyuma wala mbele. Kwa hiyo naongezea hoja yako kwenye yangu: ndoto ya mwili kamili ilibidi ikae ndani ya jiwe lililoharibiwa na wengine.

Kichwa na mkono wa kulia ni vikubwa kupita kiasi, hilo kila mtu analiona. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba sanamu iliagizwa ikae juu, kwenye nguzo za nje za kanisa kuu, itazamwe kutoka chini. Wengine wanasema mkono ule ni nguvu ya kijana mwenyewe, mkono utakaorusha jiwe. Mimi naegemea la pili, kwa sababu Michelangelo aliupa mkono ule mishipa iliyovimba ambayo kutoka chini kanisani usingeiona.

Hatimaye Daudi hakupandishwa juu. Januari 1504 wakaitwa wasanii na mafundi kushauri awekwe wapi, Leonardo na Botticelli wakiwamo, na akaishia mbele ya jumba la serikali. Kijana aliyemwangusha jitu, mlangoni mwa jamhuri ndogo iliyokuwa imeufukuza ukoo uliokuwa ukiutawala mji, Medici, mwaka 1494. Maana ya kisiasa ilikuwa haihitaji kuandikiwa maelezo.

#6 Mtu wa Kisauni

Nyie mwaenda Italia mwaacha nyumbani. Hapa Mombasa Fort Jesus ilijengwa na Wareno 1593 mpaka 1596, lakini ramani yake ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. UNESCO walipoiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 waliandika kabisa kuwa umbo lake lafuata lile wazo la Renesansi, kwamba uwiano kamili unapatikana katika mwili wa binadamu. Ukiitazama picha yake iliyopigwa kutoka angani, hebu usione mtu aliyelala! Kiwiliwili, mikono, miguu. Sisi tumepita pale tangu utotoni twaenda kuogelea na hatujui twapita ubavuni mwa mtu wa Vitruvius.

#7 Mleta uzi

Mtu wa Kisauni, umenipiga bao, nilikuwa sijapanga kuitaja na imekaa mahali pake hasa. Nyongeza tu: zile pembe zilizochomoza hazikuwa za urembo. Wahandisi wa Italia walizibuni ili kusiwe na sehemu ya ukuta ambayo adui anaweza kujificha mzinga usimfikie. Cairati alikuwa anamtumikia Mfalme Philip wa Hispania, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati huo. Uwiano mtakatifu wa mwili na hesabu ya risasi vikakaa kwenye karatasi moja bila kugombana. Waliokuwa Mombasa upande wa pili wa mizinga nadhani hawakupata nafasi ya kustaajabia uwiano.

#8 Mama Wawili

Samahanini wachangiaji, mimi ni mama wa kanisa na nauliza kwa nia njema. Kama hawa walikuwa wanapamba makanisa, uchi wote ule wa nini? Tusipambe maneno, ni uchi.

#9 Mleta uzi

Mama, heshima yako. Swali hilo lilikuwapo kwao pia, tena ndani ya Kanisa lenyewe. Walioutetea mwili mtupu walikuwa na nguzo mbili. Kwanza Mwanzo sura ya kwanza: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi mwili ndio kazi bora ya Muumba, na kuuchora vizuri ni kumsifu. Pili Wagiriki na Warumi, ambao sanamu za miungu na mashujaa wao zilikuwa hivyo. Mwaka 1506 sanamu ya kale ya Laocoön ilifukuliwa Roma katika shamba la mizabibu, na Michelangelo alikuwa miongoni mwa walioifuata kuiona. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuvika mwili nguo ilikuwa ni kuufunika uso.

Waliopinga nao hawakukaa kimya. Mwaka 1497 mtawa Savonarola aliwasha Florence moto mkubwa wa kuchoma mapambo, vioo na picha alizoziona za anasa. Na ile Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo katika kanisa dogo la Sistine, baada ya kifo chake 1564 akatafutwa Daniele da Volterra awachoree watakatifu vitambaa kiunoni. Mji ukambatiza jina la Mvisha Suruali na hadi leo halijamtoka. Kwa hiyo mama, hauko peke yako, una mapapa kadhaa upande wako.

#10 Kijiti

Bado sijakubali. Donatello alichonga Maria Magdalena wa mbao, amekonda, meno yameng'oka, nywele ndizo nguo yake, amezeeka kwa kufunga na toba. Uzuri uko wapi pale? Hiyo fomula ya wasichana watano imeishia wapi?

#11 Mleta uzi

Kijiti leo umenishika. Magdalena yule, aliyepo makumbusho ya kanisa kuu la Florence, ni kitu cha kutisha na ni kazi kubwa. Ila naona unaniunga mkono bila kukusudia. Donatello yuleyule ndiye aliyetengeneza Daudi wa shaba, mwanamume mtupu wa kwanza kusimama peke yake bila kuegemea ukuta tangu zama za kale, laini, karibu mrembo. Msanii mmoja, miili miwili inayopingana, na kila mwili umepewa kile ambacho hadithi yake inataka. Magdalena si picha ya kikongwe fulani wa mtaani. Mikono ile inayokaribia kugusana na haigusani haikuokotwa mtaani. Neno "uzuri" peke yake halitoshi kuwaeleza hawa watu, hapo nakupa. Kufaa kwa sura na jambo lenyewe, Alberti naye alilisisitiza hilo: hata maiti katika picha iwe maiti mpaka kwenye kucha.

#12 Ustaadh wa Hesabu

Naomba niongeze kipande ambacho huwa kinasahaulika. Ile hesabu ya umbali, ya mistari ya dari ya Masaccio, haikuota Florence kama uyoga. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri karne ya 11, aliandika Kitab al-Manazir akaeleza kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu kuja machoni, kwa mistari iliyonyooka. Kikatafsiriwa Kilatini, baadaye Kiitaliano. Yule Ghiberti wa milango ya shaba, uzeeni alipoandika kitabu chake kuhusu sanaa, sehemu ya tatu ameinukuu elimu hiyo kwa kurasa na kurasa.

#13 Mleta uzi

Ahsante Ustaadh. Na Raphael alipochora Shule ya Athens pale Vatican, 1509 hadi 1511, kati ya Wagiriki wale aliweka mtu mwenye kilemba anayetambuliwa kuwa Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba. Katikati wapo wanafalsafa wawili wa Kigiriki, Plato anayeonesha juu na Aristotle aliyenyoosha kiganja kuelekea chini. Mabishano yangu na Kijiti yamechorwa pale ukutani miaka mia tano iliyopita: kielelezo kiko juu akilini, au kiko hapa chini kwenye vitu?

#14 Bei ya Jioni

Mbona mnazungumza kana kwamba hawa watu walikula maarifa. Nani alilipa, na alilipia nini?

#15 Mleta uzi

Tuna mikataba yao, mkuu, na ni mitamu kuisoma. Oktoba 1485 Domenico Ghirlandaio alisaini kuchora picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu kwa ajili ya kituo cha watoto waliotupwa, Spedale degli Innocenti, Florence. Malipo florini 115, sarafu za dhahabu za Florence. Mkataba unataka achore kwa mkono wake mwenyewe, na rangi ya buluu iwe ya thamani ya florini nne kwa aunsi. Buluu hiyo ilisagwa kutoka jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan ya leo, likavuka jangwa na bahari hadi Italia. Mteja alijua bei ya joho la Maria kabla halijachorwa.

Hapa ndipo nadhani mambo yalibadilika polepole. Alberti aliwashauri wachoraji wasibandike dhahabu, waigize mng'ao wake kwa rangi za kawaida, maana sifa inakaa kwenye ustadi. Kadiri miaka ilivyokwenda mikataba mingi ikataja dhahabu kidogo na mkono wa bwana mkubwa zaidi. Fundi aliyekuwa ngazi moja na mtengeneza matandiko ya farasi akaanza kubembelezwa na mapapa.

#16 Mama Wawili

Na wanawake? Au wao walikuwa wale watano wa kuchaguliwa tu.

#17 Mleta uzi

Mama una ulimi. Wapo wachache. Properzia de' Rossi wa Bologna alichonga marumaru, na Vasari alimwandika katika kitabu chake cha maisha ya wasanii cha 1550. Sofonisba Anguissola wa Cremona alifika hadi ikulu ya Hispania. Lakini msichana hakuruhusiwa kukaa chumba kimoja na mwanamume mtupu amchore, na picha kubwa za hadithi zilijengwa juu ya zoezi hilo. Sofonisba akachora alichoruhusiwa: dada zake wakicheza sataranji, 1555, mdogo anacheka kwa sababu mkubwa kamshinda mwenziwe. Katika picha zote nilizotaja humu, kama mnataka watu unaoweza kukutana nao, ni wale.

#18 Kijiti

Basi tufunge na Wajerumani maana umewakwepa. Dürer alipima watu kweli kweli.

#19 Mleta uzi

Alipima, na kitabu chake cha vipimo vya mwili kilitoka 1528, miezi baada ya kufa. Alianza kwa kuamini Waitaliano wana siri ya mtu mmoja kamili. Akaishia kuchapisha miili ya aina nyingi, wanene, wembamba, warefu, wafupi, kila mmoja na hesabu yake, na akaandika kwamba uzuri ni nini, yeye hajui. Mwaka 1521 akiwa Antwerp alimchora kwa kalamu ya fedha mwanamke mweusi wa miaka 20, Katharina, mtumishi wa wakala wa biashara wa Ureno. Jina na umri ameviandika juu ya karatasi. Ameinamisha macho, kope nzito, hakuna alichopambiwa. Kijiti, hii moja nakuachia. Hapa kamera ilikuwapo.

#20 Niko Ughaibuni

Nipo London. Kwa walio huku: Daudi wa plasta, kimo kilekile, yuko jumba la Victoria and Albert, kuingia bure. Alitumwa kama zawadi kwa Malkia Victoria mwaka 1857. Mama Wawili utafurahi: walimtengenezea jani la mtini la plasta, kama nusu mita hivi, na lilikuwa linatundikwa kwa kulabu wageni wa kifalme wakija, wakiondoka linashushwa. Jani lenyewe bado lipo, limewekwa kwenye kasha la kioo nyuma ya sanamu.

#21 Mama Wawili

Wangeliacha palepale.